Bunduki ya Libuyu

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi ya umuganda, bunduki ilidondoka kutoka kwenye gunia la fundi seremala wa mtaa wetu, Kagugu. Kazi hiyo ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tumefyeka nyasi za kando ya barabara na kuzibua mtaro, na sasa tulikaa ukingoni, kila mtu na panga lake, tukingoja mkutano uanze. Bunduki ilitua juu ya kokoto. Mwenyekiti wa mudugudu, yaani kitongoji chetu, mama mtaratibu sana, alijitupa mtaroni, na waliokaa karibu naye wakamfuata. Mtaro ulikuwa safi, kwa hiyo nafasi ilitosha.

"Ni mbao," nilisema.

Nilijua, kwa sababu niliiagiza mimi. Mwenyekiti alikuwa ameniomba niandike mchezo mfupi juu ya mtu anayesalimisha bunduki aliyoificha darini. Aliniomba mimi kwa kuwa mtaani inajulikana kwamba ninasoma, ingawa shule niliiacha mapema. Nilimchorea fundi bunduki kwa vipimo, ubavuni, juu na mbele, kama nilivyojifundisha kuchora. Fundi alikulia Burundi na hajui kufanya kazi nusunusu. Aliichonga kwa libuyu, mbao ngumu ya makabati, akaing'arisha kwa rangi ya viatu.

Mwenyekiti alipanda kutoka mtaroni, akapangusa sketi, akatangaza kwamba ajenda imebadilika.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwenye duka, aliyekulia Uganda na ambaye ndiye anayempangisha fundi chumba cha karakana. Alisema mtu anayechonga bunduki leo hatujui kesho atachonga nini, na kwamba mtaa ukikubali, fundi ahame mwisho wa mwezi. Fundi aliangalia viatu vyake. Nyuma ya karakana hiyo ndiko anakolala na mkewe na watoto.

Nilisimama kumtetea. Nilieleza kwa utaratibu kwamba bunduki ni chombo cha kutoa risasi, na hiki hakina tundu hata la kupitisha sindano.

"Mzee," mwenye duka aliniambia, "yule aliyeniibia Kampala, ile usiku sikumuuliza kama bunduki yake iko na tundu."

Watu walicheka, na nakiri kwamba hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mwalimu mstaafu aliuliza je, mikuki ya wacheza ngoma kwenye harusi nayo tuihamishe? Akajibiwa kwamba mkuki ni utamaduni. Akauliza tena, na zile bunduki za plastiki zinazoning'inia dukani kwa mheshimiwa huyu?

"Zangu ni za kijani," alisema mwenye duka.

Kuanzia hapo mjadala ukawa wa rangi. Wengine walisema kijani kinatosha, wengine wakataka njano, ionekane na gizani. Mwenyekiti, akitafuta njia ya amani, alipendekeza fundi aipake bunduki kijani na jambo liishie hapo. Nilipumua. Fundi alisimama, akazungumza kwa mara ya kwanza.

"Mama, libuyu haipakwi kijani. Bora nihame."

Nilimvuta shati, hakukaa. Basi mwenyekiti akasema tupige kura: wanaotaka fundi ahame, kwa usalama wa mtaa, wainue mikono.

Mikono ikainuka, mingi, na katika karibu kila mkono mlikuwa na panga. Mapanga yalikuwa yamenolewa asubuhi hiyo na jua lilikuwa juu yake. Mwenyekiti alianza kuhesabu, akayaona mapanga, akaacha. Mama mmoja wa mwisho wa mstari, ambaye huwahi kazini kuliko wote na huongea kidogo kuliko wote, alishusha mkono, akaliweka panga nyuma yake kwenye nyasi. Jirani yake akafanya vivyo hivyo, na yule aliyefuata.

"Mapanga chini kwanza," mwenyekiti alisema, sauti ikiwa ndogo. Kisha akaomba kura upya. Hakuna aliyeinua mkono, hata mwenye duka. Hakuna aliyeeleza sababu wala aliyeiuliza; nchi yetu ilishaona mapanga yakiinuliwa dhidi ya majirani.

Ikaamuliwa kwamba fundi abaki, ila bunduki iharibiwe papo hapo mbele ya mashahidi. Kazi alipewa mlinzi wetu wa usiku. Alipiga panga mara kadhaa. Libuyu ikakaa kimya, panga likameguka makali. Mwishowe fundi mwenyewe alitoa msumeno, akamuuliza mwenyekiti anataka vipande vya urefu gani, akaikata vizuri sana.

Mchezo tuliucheza mwezi uliofuata. Mhusika alishuka darini na mwavuli badala ya bunduki, akausalimisha huku akitetemeka, na watu wakapiga makofi.

Mlinzi alidai panga jingine, kwa kuwa lake liliharibikia kwenye kazi ya mtaa. Mwenyekiti aliona kwamba aliyeagiza bunduki ndiye anayepaswa kulipa. Nilishuka hadi madukani Muhima, nikanunua panga zito, nikalipia na kunolewa. Sasa ndilo kali kuliko yote katika mudugudu wetu. Fundi bado yuko karakanani na alikataa malipo ya kazi yake. Libuyu, rangi ya viatu, panga na kunoa: nilipoteza faranga elfu kumi na moja na mia mbili.