Jiko Langu Ndani ya Kastabini

Presha ya macho ilinizimia taa mwaka mmoja kabla ya mvua za El Nino, na tangu siku hiyo kila mtu pale nyumbani Mwabungo akawa daktari wangu. Usiguse moto. Usiinuke. Mimi niliyepika pilau za harusi nikawa wa kukorogewa uji, na hasira zikanipanda hata nikawa sisemi na mtu.

Kwa hiyo mwalimu wa wasioona aliponiita Diani, nilikwenda mbio. Mzungu mmoja alikuwa ameleta mashine yake kuijaribu. Unavaa kitu kidoleni mfano wa kastabini ya fundi cherehani, kimeshikwa na mkono wa chuma uliounganishwa na kompyuta. Ukinyoosha kidole hewani, unagusa ukuta. Ukuta wenyewe haupo, lakini kidole kinakataa kupita. Siku ya kwanza nilicheka mpaka mwalimu akaniuliza kama ni mzima.

Wakaniuliza nataka kujifunza kupita wapi. Nikasema jikoni kwangu, nipike tena. Mume wangu ndiye aliyepima: hatua toka mlangoni hadi mtungini, toka mtungini hadi kwenye mafiga. Alimsomea mzungu moja moja, bila haraka, na mzungu akaliingiza jiko langu ndani ya kompyuta. Nilimpenda upya siku ile, sioni haya kusema.

Nilikaa miezi miwili kwa dada yangu Ukunda, karibu na ile mashine, na kila asubuhi kidole changu kiliingia jikoni. Mume wangu alikuja kila Ijumaa baada ya swala. Nilipomwambia kwamba sasa nafika kwenye mafiga bila kugonga mtungi, alisema mashallah.

Siku ya kurudi nilikataa kushikwa mkono. Niliingia jikoni peke yangu, hatua tatu, nikanyoosha mkono kushoto nishike mtungi. Hapakuwa na kitu. Joto la moto likanijia upande ambao zamani mafiga hayakuwapo. Nikadhani nimesahau, nikajilaumu.

"Shikamoo, dada," ikasema sauti ya mwanamke nisiyemjua.

Nikaitikia marahaba, nikampa mkono. Hakunipa kiganja. Alinipa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu aliye katikati ya kukanda unga. Na kwetu mgeni hakandishwi unga. Huwekwa mkekani akaandaliwa. Anayekupa kifundo jikoni ni mwenye jiko.

Nikamwita mume wangu, nikamwuliza amemwoa lini. Alisema ni wiki ile ile niliyoanza mafunzo. Posa ilikuwa imekwisha pelekwa zamani.

"Sikutaka kukuvunja moyo," akasema. "Ulikuwa unaendelea vizuri."

Nilimchukia. Alipokuwa akipima zile hatua, alijua nani atayahamisha yale mafiga.

Wiki iliyofuata mwalimu alikuja kuuliza kama mashine ilikosea mahali popote. Nikamwambia haikukosea hata hatua moja.