Maneno Mengi kwa Jina Langu

Binti yangu alipata kazi kwa kuandika maneno mengi. Sisemi hivyo kumwonea. Ndivyo walivyomwambia wenyewe siku ya kumwajiri, na yeye akaja kunieleza akicheka. Maneno hayo yalikuwa na jina langu juu yake, na mengi sikuyasema.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, intaneti ilikuwa imefika Kitale, lakini kwetu Saboti ilikuwa bado habari ya kusikia. Binti yangu huyu, kitinda mimba, alimaliza chuo akakaa nyumbani bila kazi, halafu akapata kibarua kwenye saiba mjini, kuwafungulia watu kompyuta na kuwachapia barua. Huko ndiko alikojua habari za ofisi moja ya mambo ya wakulima. Ofisi hiyo ilikuwa imefungua jukwaa ndani ya intaneti: mkulima anauliza swali, wakulima wengine wanamjibu, na kila mtu anasoma. Wakatangaza kwamba baada ya miezi mitatu watamwajiri mtu mmoja wa kulisimamia, na watamchukua yule atakayekuwa ameandika zaidi ya wote. Kando ya kila jina palikuwa na namba ya ujumbe ulioandika. Namba ikipanda, unaongezewa nyota.

Alijiandikisha kwa jina langu. Ofisi ilijua: mimi ndiye wa kusema, yeye ndiye wa kuandika. Niliacha shule darasa la tatu, lakini mahindi nimelima tangu mgongo ukiwa umenyooka, kwa hiyo nilikubali. Na nisijifanye mtakatifu, nilifurahi. Kanisani nilikuwa nawaambia akina mama kwamba watu mpaka wa Busia wananiuliza mambo ya mbolea.

Kila Jumamosi alikuja na maswali kwenye daftari, akanisomea huku nikichambua maharagwe.

"Huyu anasema mahindi yake yamekuwa ya manjano."

"Shamba lake linakaa maji? Alipanda mbegu gani? Mbolea alitia lini?"

"Mama, mtu ameuliza swali moja, wewe unamrudishia matatu."

"Sasa nitamjibu nini na shamba sijaliona?"

"Sema kitu chochote. Ati pole sana, ongeza mbolea. Hata 'asante' inahesabiwa. Kuna mzee huko anaandika 'amina' kwa kila kitu, na ana nyota nne."

"Basi mwandikie kwamba sijui."

"Mtu mwenye nyota hasemi hajui, bana!"

Kwa wiki nilikuwa najibu watu wawili, watatu. Habari ya kukausha mahindi nilimwambia mara moja, nikamwambia polepole ili aandike yote. Toa punje kidogo, tia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Hata kama umeanika siku tisa, usiniambie habari ya siku, niambie habari ya chumvi. Akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika.

Mwezi wa kumi dada yangu akanipigia simu kutoka Kabuchai. Huyu ndiye anayenifuata mimi kuzaliwa. Ni mjane, na alikuwa analea wajukuu wanne walioachwa na binti yake. Majirani zake wote wamepanda miwa. Yeye alishikilia mahindi kwa sababu, alivyokuwa akisema, miwa haipikiwi watoto. Chakula cha nyumba ile kwa mwaka mzima kilitoka kwenye kipande kile kimoja.

"Dada," akasema, "mahindi yangu yamekuwa ya kijani."

"Kijani namna gani? Uliyavuna yakiwa mabichi?"

"Nilivuna vizuri. Nikaanika siku tatu vile ulisema, nikatia kwa gunia, nikaweka stoo."

"Nilisema siku tatu? Lini?"

"Si iko kwa karatasi."

Mke wa mwanawe ni karani mjini Bungoma. Alikuwa ameona jina langu kwenye kompyuta ya kazini, akachapisha karatasi na kumpelekea. Dada yangu hajui kusoma. Alisomewa, akasikia ni mimi, hakuona haja ya kupiga simu. Ungepiga simu ya nini na neno la dada yako liko mkononi? Tena Agosti ile mvua ilikuwa ikirudi kila alasiri, na siku tatu za jua zilikuwa zawadi. Akazichukua. Aliponipigia, mahindi yote yalikuwa yamepata joto ndani ya magunia na kuota ukungu. Hata kuku hakuthubutu kuwapa.

Siku ya soko nilikwenda Kitale, nikaingia saiba, nikamwambia binti yangu anifungulie. Akafungua. Jina langu, jina langu, jina langu, kurasa na kurasa. Nikamwambia asome kwa sauti. Asante sana mkulima mwenzangu. Amina. Pole. Jaribu majivu. Ongeza mbolea. Nakubaliana na wewe. Nikaketi pale kama mtu anayesikia akisengenywa na mdomo wake mwenyewe. Tulipofika kwenye habari ya mahindi, ilikuwa mstari mmoja: anika siku tatu, weka stoo.

"Chupa iko wapi?" nikamwuliza. "Chumvi iko wapi?"

"Mama, ilikuwa ndefu. Siku hiyo nilikuwa na maswali arobaini."

"Nani alikutuma kujibu arobaini?"

"Wewe unajibu watu wawili kwa wiki! Yule mzee wa amina ananifuata nyuma. Nikae saiba mpaka nizeeke?"

"Futa."

"Nifute hiyo?"

"Futa zote ambazo sikusema."

Akaondoa mkono kwenye kompyuta. "Nikifuta, hesabu inashuka. Imebaki wiki mbili, mama. Wiki mbili tu. Haki, usinifanyie hivyo."

Nilimwambia mama yake mdogo hana chakula. Akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, siwezi kusema hayakuwa ya kweli. Lakini hakufuta. Alifuta machozi, kisha akaandika ujumbe mwingine: samahani, si siku tatu, ni mpaka yakauke kabisa. Akabonyeza. Nikaona namba iliyo kando ya jina langu imepanda kwa moja.

Kosa alihesabiwa, na kurekebisha kosa akahesabiwa. Wiki mbili baadaye aliajiriwa.

Mimi nilipakia magunia manne kutoka stoo yangu, nikampelekea dada yangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kando ya shimo alimoyazika yale yaliyooza. Hakunipa kiti. Tukasimama.

"Niambie tu," akasema. "Ni wewe ulisema, ama si wewe?"

"Si mimi. Ni msichana aliandika haraka haraka."

"Jina lililosomwa ni la nani?"

"Ni langu."

"Nani alikubali liandikwe?"

"Mimi."

"Basi." Akawaita wajukuu waje washushe magunia. "Haya nachukua kwa sababu ya hawa. Lakini dada, mimi nilikuwa nakuuliza hata siku ya kupanda. Nilikuwa siulizi mtu mwingine."

Nilitaka kumwambia mengi. Maneno yangu yalikuwa yametosha.

Agosti iliyofuata alinipigia. Huwa anapiga, hatukukosana kwa maana ya watu kukosana. Akanisalimia, akaniambia watoto wako darasa gani. Nyuma yake nilisikia watu wakipiga mahindi ndani ya gunia kwa fimbo, yatoke kwenye magunzi. Mahindi makavu yakipigwa yanalia, unasikia yanaachana. Yale yalikuwa yakipokea fimbo kimya, kama unapiga godoro.

"Dada," nikamwambia, "hayo mahindi bado yana maji."

"Jirani ameangalia. Anasema iko sawa."

"Nayasikia mpaka huku. Waambie waache, wayarudishe juani."

"Sawa, dada," akasema, kwa ile sauti ya upole tunayowasemesha wagonjwa. "Na magoti, bado yanakuuma?"

Fimbo ziliendelea. Nikamwambia ndiyo, yananiuma.