Makofi ya Zenon

Tangu siku ile Zenon hakumpigia mtu makofi tena mpaka anaingia kaburini. Harusini, kwa padri, hata mbele ya wakwe zake, mikono aliificha kwapani. Watu wakasema ana kiburi. Kiburi gani, jamani? Mwenzenu alikuwa na donda.

Mwaka 1954 askari wa serikali walikuwa wamepiga kambi kijijini kwao Ufipa, njia ya Laela, baada ya watu kukataa amri ya kupunguza ng'ombe. Mahema yalisimama juu ya shamba la ulezi la mkewe, Cornelia. Aliambiwa ni wiki mbili tu. Akakosa mavuno mara mbili, na watoto watano wanataka uji.

Ikasikika kwamba wajumbe wa Umoja wa Mataifa wanakuja kusikia wananchi wenyewe wanataka nini. Kijiji kikamchagua Zenon aseme, maana alipigana Burma. Maneno yalikuwa mawili tu: askari waondoke, na sisi tujitawale. Cornelia alimkaririsha jikoni kama mtoto wa katekisimu.

"Usije ukameza ulimi, baba Urbano."

"Mimi? Mimi niliyewakabili Wajapani!"

Siku ikafika. Bwana DC, mzee wa mvi, akatangulia kusema. Akawaambia wageni kwamba watu hawa wameridhika, askari wanawalinda, na habari za kujitawala hawana. Uongo mtupu! Lakini kwa Wafipa, mkubwa akimaliza kusema, hata kama amekutukana, kwanza unachuchumaa umpigie makofi ya taratibu, ndipo umjibu. Zenon alilelewa hivyo. Akachuchumaa, akapiga. Kijiji kizima kikamfuata msemaji wake, kikachuchumaa, kikapiga.

Mgeni mmoja akatabasamu, akaandika kidogo, akafunga daftari. Zenon anainuka, maneno yamemjaa kooni, wageni wameshapanda gari.

"Mabwana, ngojeni! Bado sijasema!"

Nani amsikie? Gari lilishaondoka.

Askari wakakaa miaka miwili mingine, na kila aliyelalamika aliambiwa, "Si mlishangilia wenyewe?" Cornelia akawa analima kibarua Milepa, anarudi na ulezi wa kujaza kibakuli. Hakumlaumu mumewe hata siku moja. Afadhali angemtukana! Kila alipomwekea chakula alipiga magoti, akampigia makofi kama mke yeyote wa Kifipa, na Zenon akashindwa kumtazama usoni.

Askari walipoondoka, shamba lilikuwa gumu kama sakafu. Cornelia alilivunja kwa jembe peke yake, maana Zenon kila akilikanyaga machozi yalimtoka.

Uhuru ulipokuja, bendera ikapandishwa Sumbawanga mjini na uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Cornelia, viganja vimepasuka kwa jembe, alikuwa anapiga huku analia kwa furaha. Akamgusa mumewe kiwiko.

"Piga basi, baba Urbano. Leo ni yetu."

Zenon akatazama viganja vile.

"Piga wewe, mama," akasema. "Mimi makofi ya leo niliyapiga siku ile ya DC."