Bahasha Kwenye Nyasi

Hinewai Tamatea alikuwa amewapikia wakata manyoya ya kondoo tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kuinuka mezani kwake na njaa. Daktari alipomwambia saratani ya titi imefika kwenye mifupa, aliuliza, "Dawa ipo?"

"Ipo, ila serikali hailipii. Wengi huongezewa miezi. Wachache, miaka. Wengine haiwasaidii kitu."

"Bei?"

Daktari akaitaja. Hinewai akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hiyo ni bei ya paa!"

Alijua anachosema. Pale marae, kwenye uwanja wa ukoo wao, paa la jumba la kulia chakula lilikuwa linavuja, naye alipika akihamisha ndoo katikati ya masufuria. Ukoo ulikuwa umekaribia kumaliza mchango wa mabati. Jumapili hiyo kaka yake, Rawiri, akasimama mkutanoni akataka fedha zote ziwe za dawa.

"Kaa chini, kaka," Hinewai akamwambia. "Paa litafunika watoto wa wajukuu zako. Mimi mnaninunulia Krismasi moja."

"Na hiyo Krismasi tule nini?" mke wa Rawiri akadakia. "Viazi vibichi vya huyu mume wangu?"

Watu wakacheka, lakini Hinewai hakulegea. Fedha zikabaki za paa.

Kule mji mkuu nako, kamati ya serikali inayochagua dawa za kulipiwa ilikuwa imeshapima: bei huku, miezi kule. Hawakuwa watu wabaya. Walipewa kikapu kidogo na wagonjwa wengi. Lakini waliokifuma kikapu kiwe kidogo hivyo, wakaacha mpishi achague kati ya paa na pumzi yake, hao hawajawahi kuhamisha ndoo.

Jumamosi wakata manyoya wakaja marae kama wageni rasmi, mashati yamepigwa pasi. Hinewai, aliyekuwa amesikia kwamba wamemchangia fedha za dawa, akajichimbia jikoni. Kwa desturi yao, bahasha ya fedha ambayo mgeni ameiweka chini lazima mwenyeji aiokote. Kuiacha ni kumtukana mgeni pamoja na wafu wake. Basi aiokote Rawiri, aliwaza, kisha nitamwambia anunue mabati.

Tame, kiongozi wao, akamaliza hotuba, akalaza bahasha nene kwenye nyasi, akarudi nyuma.

"Hii ataiokota mpishi," akasema.

Rawiri akatazama mawingu kana kwamba mambo hayo hayamhusu. Mvua ikaanza. Hakuna aliyesogea. Hinewai akavumilia dirishani, akashindwa, akatoka na aproni yake.

"Tame, mpumbavu wewe, inalowa!"

"Iokote basi, shangazi."

"Nimekulisha miaka yote hii, ndiyo unanifanyia hivi?"

"Ndiyo sababu."

Akasimama juu ya bahasha, mvua ikimtiririka usoni. Hapo ndipo alipojua kwamba anaitaka sana hiyo Krismasi moja. Kilichomshinda ni kuiomba. Akainama, akaiokota, akaifuta kwa aproni.

"Nisikilizeni. Dawa nitaimeza. Wakinipima wakaona hainisaidii, naacha siku hiyo hiyo, na kitakachobaki ni mabati. Sitaki mtu aje kunibembeleza."

"Na ikikusaidia?" Tame akauliza.

"Mtaendelea kulowa mpaka mchango wa mabati utimie, na mtakula vizuri. Haya, ingieni, nyama inapoa."

Akawapangia viti mwenyewe. Tame alipangiwa kile kilicho chini ya tundu la paa lililo kubwa kuliko yote.