Sauti za Wanawake wa Mji Uliozingirwa

Majirani walimwita Redio, kwa kuwa alikuwa ameigiza michezo ya redioni tangu usichana wake. Kutulia alikuwa hakujui. Hata chai aliinywa amesimama, akizungukazunguka jikoni. Kazi ya kuigiza sauti katika gemu la kompyuta ilipomjia, aliifurahia kupita kiasi. Gemu lenyewe lilihusu mji wa kale uliozingirwa na adui, naye angekuwa sauti ya wanawake wote wa mji huo.

Alianza mazoezi bafuni. Ukelele wa kwanza tu, jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, jirani. Niko kazini."

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa sponji. Waigizaji wa kiume walikuwa na hotuba, viapo, hata utani. Yeye alipewa vilio. Akalia, akapiga mayowe, akakata roho mara chungu nzima, na kila mara fundi sauti alimwomba asichezeshe miguu, viatu vinasikika. Akavivua. Miguu haikutulia.

"Huyu mwanamke anakimbilia wapi?" hatimaye Redio alimuuliza mwongozaji.

"Anakimbia tu, dada. Vita imeingia."

"Wote wanakimbia tu? Maji nani anateka? Majeruhi nani anawafunga vidonda? Wanaume walipokuwa ukutani wakipigana, mji uliendeshwa na nani?"

"Dada yangu, piga mayowe tumalize."

Akarudi kwenye kipaza sauti. Hakupiga mayowe. Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa: "Wenye watoto, piteni njia ya kisimani! Nyie wawili, njooni tushike lango!"

Mwongozaji alikunja uso. Fundi sauti akavua visikizio masikioni.

"Huyu mimi ningemfuata," alisema.

Mwongozaji akacheka bila kupenda. Kesho yake alimwita tena: mwanamke wa langoni ameandikiwa maneno. Wengine watabaki na vilio vyao.

Gemu lilipotoka, binti wa dada yake alilicheza sebuleni, Redio akirandaranda nyuma ya kochi.

"Mama mdogo, kaa basi!"

Mwanamke wa langoni akasema maneno yake. Binti akamgeuza askari aliyemchezesha, akamfuata. Redio alitabasamu, lakini alizidi kusikia sauti yake ikilia kutoka kila kichochoro. Akachukua simu, akampigia mwongozaji.

"Hao wengine," alisema hata kabla ya salamu, "tunaanza lini?"