Maua Yenye Marinda

Wateja walimwita Mama Marinda, na jina hilo hakupewa bure: ungempelekea hata foronya, ingerudi na marinda. Alishona nguo miaka thelathini. Sasa cherehani imefunikwa kitambaa, naye ana jambo moja tu moyoni: mumewe asikie nyuki tena.

Mzee alikuwa mfuga nyuki mpaka macho yalipompa kisogo. Mizinga ikauzwa, wakahamia nyumba yenye ua wa saruji tupu. Kila asubuhi huketi kibarazani, uso juani, katega sikio, na hasikii ila pikipiki. Hilo lilimuuma mkewe kuliko alivyokubali kusema.

Basi mama akavunja saruji chini ya ukuta unaopigwa na jua kutwa, akajaza udongo na samadi, akaenda kwa muuza miche. Mazoea yana tabu. Alichagua maua kama achaguaye kitambaa cha harusi: mazito, petali juu ya petali. Yalipochanua, wapita njia walisimama kutazama. Nyuki je? Hata wa dawa.

"Unawasikia?" akamuuliza mumewe.

"Nawasikia, mke wangu. Wengi tu."

Mwongo mkubwa yule. Mama aliingia jikoni akalia, maana uongo wenyewe ulikuwa wa mapenzi.

Wiki iliyofuata uvumilivu ukamwisha. "Mume wangu, niambie kweli."

Mzee akaomba ua moja. Akalipapasa taratibu, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Hili umelishona wewe. Marinda tele, mlango hakuna. Nyuki aingilie wapi?"

Mama naye akacheka, ingawa mgongo ulikuwa bado unamuuma kwa kuvunja saruji. Siku hiyohiyo aling'oa nusu ya maua yake. Akapanda alizeti za petali mstari mmoja, na mirehani ambayo safari hii aliiacha itoe maua badala ya kuikata vichwa kila mara. Muuza miche alimshangaa.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja alikuwa akimwagilia, mumewe akamwambia, "Hebu funga maji."

Akafunga. Mzee aliinamisha kichwa upande wa ukuta, akatega sikio.

"Watatu," akasema.

Mama akatazama kwenye mirehani, akahesabu. Walikuwa watatu. Akaenda kuketi karibu naye, akamshika mkono.

"Na kipepeo mmoja wa njano," akamwambia. "Huyo hasikiki, nakutazamia mimi."