Mkono wa Kumi na Saba

Enzi zetu (cheka ukitaka, nina miaka kumi na saba tu, lakini na mimi nina enzi zangu) mtoto wa Yeoville, hapa Johannesburg, alijua Jumamosi imefika kwa harufu. Nywele za bandia zikichomwa ncha kwenye saluni ya Mama, sombe, yaani kisamvu, ikianza kuchemka tangu alfajiri, magwinya, yale maandazi ya huku, yakielea kwenye mafuta pale spaza, kiduka cha pembeni. Sisi tuliocheza diketo kwenye duara la chaki, ukirusha kijiwe juu na kunyakua vingine kabla hakijatua, tunajua ninachosema. Wadogo zetu hawajui. Wao Jumamosi ni siku ambayo simu inaruhusiwa kulala nao kitandani.

Jumamosi yangu ilikuwa na harufu moja zaidi, na mtaani kwetu niliijua peke yangu. Harufu ya barafu. Asikudanganye mtu kwamba barafu haina harufu. Inanuka kama kijiko cha chuma ulichokisahau mdomoni.

Haya ninayatoa kwenye daftari langu la wakati ule. Niliandika Kiswahili makusudi, maana shuleni kwetu, mtaa wa Observatory, hakuna aliyeweza kukisoma, na mimi nilikuwa mtu wa kujificha. Mwalimu akiita majina asubuhi, nilinyanyua kidole tu. Sauti haikutoka. Nilipokuwa darasa la sita alikuja mwanamke mmoja mrefu, Kocha Busi, kutafuta wasichana wa timu ya kuteleza kwenye barafu kwa pamoja: wasichana kumi na sita wanaoshikana mikono mstari mmoja na kwenda kama mtu mmoja. Alitutembeza kwenye mstari wa uwanja wa netiboli tukiwa tumefumba macho. Mimi sikuyumba. Akaniuliza kama nataka kujiunga. Sikukubali, ila pia sikukataa, na kwa mtu mwenye haya, hayo mawili huishia mahali pamoja.

Mama alishika kiuno. "Tulikimbia vita Uvira, tukapita nchi ngapi sijui, ili mutoto wangu afike huku avunjike muguu juu ya friza?"

Papa alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mlinzi wa geti la yale maduka makubwa ambayo uwanja wa barafu ulikuwa chini yake, ghorofa ya chini kabisa, kwa hiyo ilionekana kama Mungu mwenyewe ameshapanga usafiri. "Mumuache aende," alimwambia Mama. "Mule ndani kuna baridi, hata nyama ingelalamika. Atarudi yeye mwenyewe."

Sikurudi. Nakumbuka tulivyokuwa tunaingia saa kumi na mbili asubuhi, Papa na mimi, maduka yote yamefungwa, wanasesere wa madirishani wanatutazama na nguo zao mpya. Papa alibaki getini. Mimi nilishuka ngazi peke yangu, na kila ngazi ilikuwa na baridi zaidi kuliko iliyotangulia. Chini kule barafu ilikuwa imetoka kulainishwa na mashine. Siku za joto, ukungu ulisimama juu yake kufika magotini, mweupe, hautikisiki. Ukiwatazama wenzako walikuwa hawana miguu.

Timu yetu ilikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwa timu nyingine. Kabla ya zoezi tulishikana mikono kwenye mstari, Kocha akasema "Hesabu!" Wa kwanza anataja namba yake na kumbana mwenzake mkono, wa pili anataja yake na kumbana wa tatu, inakwenda hivyo kama maji kwenye bomba mpaka mkiani. Wa mwisho anasema, "Kumi na sita," kisha ananyanyua juu mkono wake wa nje, vidole wazi, kuonyesha kwamba hauna kitu. Kocha anautazama ule mkono, anaitikia kwa kichwa, ndipo tunaanza. Hakuna aliyeniambia sababu. Mimi si mtu wa kuuliza.

Walinipa mkia kwa sababu nilikuwa mwepesi. Tulikuwa na mzunguko mmoja tuliouita feni, mstari mzima unazunguka kama mapanga ya feni. Walio katikati wanakanyaga hapo hapo, wa mkiani anaruka kama kitu kilichotupwa. Namba kumi na tano, aliyenishika mkono, aliitwa Thandeka. Alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja na hakunipenda. Siku ya kwanza aliangalia viatu vyangu vya timu, akaangalia pembeni. Ndani ya kile cha kushoto kulikuwa na jina lililofutwa kwa kalamu nyeusi. Ilibaki herufi ya kwanza tu, A.

"Wena," aliniambia, "usivute. Na usiniegemee."

Ni hivyo tu kwa wiki tatu. Na mimi nilitamani Thandeka anipende kuliko nilivyotamani medali. Daftari langu limejaa yeye: leo amenipa nusu ya chungwa, leo hakunitazama, leo amecheka na wengine nilipopita.

Jumamosi ya nne kulikuwa na ukungu. Hesabu ikaja, Thandeka akasema namba yake, akanibana. Nikasema kumi na sita kwa ile sauti yangu ya panya. Nikawa naanza kunyanyua mkono wa nje.

Kuna mtu akanibana mkono ule.

Si kwa nguvu. Vidole vinne na gumba, vidogo kama vyangu, baridi inayopenya glavu. Kisha nikasikia pumzi, ile pumzi fupi anayovuta mtoto kabla ya kutaja namba yake. Hakutaja. Nilitazama: ukungu, ukuta wa mbao, na barafu isiyo na alama hata moja.

Sasa ngoja niseme nilichofanya, na usinicheke. Mama yangu ametulea na sheria moja: "Mutu akikupa mukono, na weye unamupa wako. Hata kama haumujui." Kwa hiyo nikambana na mimi. Sikuwaza. Ni adabu tu iliyotoka kabla ya woga.

"Kumi na sita, mkono!" Kocha aliita.

Nikanyanyua. Lakini ilibidi nivute kwanza, kama unavyovuta mkono kwa mtoto anayelala. Nikauonyesha juu, vidole wazi, hauna kitu. Kocha akaitikia kwa kichwa. Tukaanza.

Siku hiyo kwenye feni sikuanguka. Wa mkiani huanguka, hiyo ndiyo kazi yake, lakini mimi nilizunguka nimenyooka kama kuna mtu amenishikilia upande wa nje, na kweli alikuwepo. Kocha alipiga makofi. "Mwoneni Furaha!" Thandeka alinitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Ananibana, nambana, kisha navuta mkono wangu na kuunyanyua kuwaonyesha wote kwamba sina mtu. Na kila wiki kuvuta kulikuwa kugumu zaidi. Nyumbani mkono ule haukupata joto. Niliuweka kwenye sufuria ya maji ya kuoshea watu nywele saluni, Mama akadhani namsaidia kupima maji. Akanisifu kwa wateja. Ningemwambia nini? Angenipeleka kanisani niombewe, na mambo ya timu yangeishia hapo hapo. Ningemwambia Kocha? Wa akiba alikuwepo benchini kila wiki, Palesa, viatu vimeshafungwa kamba, anasubiri mtu aumwe. Nilijua vizuri: nikisema, nafasi yangu inakwenda. Nikinyamaza, nabaki na nafasi, na kutoanguka, na Thandeka ambaye sasa alikuwa ananiwekea kiti. Nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nakujua toka zamani.

Ila kuna kitu kiliniuma. Daftari linasema hivi, kwa mwandiko mbaya: *Leo alikataa kuniachia. Nikamvuta kwa nguvu. Nadhani nimemuumiza.*

Mashindano yalifika. Zilikuja timu nyingine tatu, zina makoti yanayofanana na mama zao wana chupa za chai. Mama alifunga saluni siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya hata kwa malaria. Alikuwa ameshona mwenyewe vipande vya kumetameta kifuani kwa gauni langu, alivyovitoa kwenye kitambaa chake cha harusi. Alikaa juu na Papa, amejifunga blanketi, anatetemeka, anawaambia majirani asiowajua kwamba yule wa mwisho kabisa ni wake.

Tulisimama mstari nyuma ya lango la barafu. Kocha akasema taratibu, "Hesabu." Ikaja. Moja, mbili, tatu. Thandeka akanibana na safari hii akanitabasamia. Nikasema kumi na sita.

Na yule wa upande wa nje akanishika. Kwa mikono miwili. Kama mtu anayejua leo tunaondoka na yeye ataachwa.

"Kumi na sita, mkono!"

Wote waligeuka. Nyuso kumi na tano zimepakwa poda. Nilijaribu, nakiri, nilijaribu kuvuta. Kisha nikawaza kwamba nitakuwa nimemkana mbele ya watu wote hawa, na Mama yuko juu anatazama, mwanamke aliyenifundisha kumpa mkono hata nisiyemjua.

"Siwezi, Kocha," nilisema. Sauti ilitoka nzima. Sikuitambua. "Kuna mtu."

Msichana mmoja akacheka. "Eish, Furaha, usitutanie sasa."

"Simtanii mtu. Kuna mtu amenishika. Yupo wiki zote hizi. Mimi si wa mwisho."

Hakuna aliyecheka tena. Thandeka alikuwa amepauka chini ya poda. Hakuniachia mkono, lakini alikuwa anatazama kule kwingine, upande wangu wa nje, pasipokuwa na mtu.

"Aline," alisema.

Ndipo mikono ikatulia. Sijui niandikeje. Ile mikono miwili haikutoka ghafla. Ililegea kidogo kidogo, kama ya mtoto aliyeitwa chakula.

Kocha aliniondoa. Simlaumu, tulikuwa tunaitwa uwanjani na mtoto wa mkiani anasema ameshikwa na hewa. Alisema "Palesa, ingia," bila kunitazama, na Palesa akaingia. Nikakaa benchini na vipande vya kitambaa cha harusi cha Mama kifuani, nikawatazama wakizunguka. Waliteleza vizuri. Walikuwa wa tatu. Kule juu Mama alisimama, ananitafuta kwenye mstari, kichwa kinakwenda toka huku hadi kule, kinarudi. Hicho ndicho kilichoniliza.

Baadaye Thandeka alikuja na kukaa. Hakukaa karibu yangu. Aliacha nafasi katikati yetu, nafasi ya mtu mmoja mdogo, kisha akanyoosha mkono wake juu ya ile nafasi na kunishika.

Aliniambia. Aline alikuwa Mrundi, rafiki yake, namba kumi na sita kabla yangu, yeye na familia yake waliishi chumba cha nyuma huko Alexandra. Jumamosi moja hakuja. Ya pili hakuja. Thandeka alikwenda na mama yake, wakakuta chumba kimepangishwa watu wengine na pazia lingine. Wengine walisema wamepata hifadhi nchi ya mbali, wengine walisema wamerudishwa kwao, wengine walisema mambo ambayo Thandeka hakutaka kuyarudia. Mpaka leo hatujui. Timu iliendelea kumsubiri: hesabu ikifika kumi na tano wananyamaza kidogo, wanaacha pengo lake. Na katika yale mazoezi mstari ukawa unavutwa upande wa pengo, wakaanguka, wakaanguka tena. Ndipo Kocha akaweka ile sheria. Wa mwisho anyanyue mkono, tuone kwamba mstari umeisha.

"Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kabla hujaja," Thandeka alisema. "Niliunyanyua, Furaha. Kila wiki. Na nilikuwa namsikia."

Jumamosi iliyofuata Kocha alisema "Hesabu," na nilipomaliza namba yangu, kabla hajaitisha mkono, Thandeka akasema kwa sauti, "Kumi na saba." Kocha aliutazama upande wangu wa nje. Kisha akaitikia kwa kichwa. Hatukunyanyua tena mkono mpaka nilipotoka kwenye timu.

Na mimi? Nilirudishiwa mkia. Mkono ule haukuja tena, na nikaanza kuanguka kama wa mkiani wote. Goti langu la kushoto lina alama, ukiligusa linajua mvua inakuja. Niliteleza miaka mitatu na wasichana waliokuwa wananipenda, nikaongea darasani, nikagombana na watu. Wakati mwingine, kwenye feni, niliacha vidole vya nje vimekunjwa kidogo. Kwa adabu tu.

Leo mdogo wangu Gloria, anayeniita Yaya kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, ndiye yuko kwenye timu. Kocha mwingine, kijana, ana filimbi na saa inayomwambia mapigo ya moyo wake. Hesabu hawaifanyi. Mlangoni wanagusisha simu kwenye kitu fulani, kinalia, tayari inajulikana wako wangapi. Wanavaa glavu za rangi, wanajipiga picha mpaka barafu inachoka kuwasubiri. Hawajui kubanana mikono. Nikawaambia enzi zetu tulihesabiana kwa vidole, wakanitazama kama nimesema tulivuka mto kwa mtumbwi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtazama. Palikuwa na ukungu. Gloria ni mwepesi, wamempa mkia. Walizunguka feni na hakuanguka. Nikautazama mkono wake wa nje. Ulikuwa umefungwa, vidole vimezunguka kitu kisichoonekana, kama unavyomshika mtoto ukivuka barabara kwenye taa za roboti.

Tulipanda kilima cha Observatory kwa miguu, yeye anakula gwinya, mimi nimembebea viatu. Sikumuuliza kitu. Tulipofika juu akapangusa mafuta mdomoni.

"Yaya, yule wa mwisho anaitwa nani?"

"Aline."

"Ah." Akatafuna. "Ana mikono baridi huyo."

Akaendelea kutembea, hana habari, kama amenisimulia mambo ya shuleni. Enzi zetu tulikuwa na nidhamu, tulikuwa na hesabu, na tulinyanyua mkono kuwaonyesha watu kwamba hatuna mtu. Watoto wa leo hawajafundishwa hata hilo. Yeye alimshika tu.